Mstari Mwekundu Unagoma Pale Pale

Jumatatu, 7 Aprili

Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke kwetu Funyula, Busia. Nilimwacha mwanangu Nabwire hana jino hata moja. Sasa nasikia anatafuna muwa.

Niko Lamu, mtaa wa Mkomani, mtu wa mkono kwenye nyumba ya kale inayofufuliwa. Napandisha chokaa kwa karai kutoka chini hadi paani. Ngazi nyembamba, giza, imesimama wima kama mnazi. Aliyeichora ngazi hii hakuwahi kubeba kitu maishani mwake. Mabega yamekufa ganzi. Nashukuru. Yakifufuka yanauma.

Jana nilipiga simu ya picha nyumbani. Mke wangu Valary akamwelekezea mtoto simu. Nabwire akaniona, akajificha kwenye leso ya mama yake. Nikamwita. Akalia. Owen, mwenzangu wa kazi ambaye tunalala chumba kimoja, akaninyang'anya simu, akawika kama jogoo. Mtoto akacheka! Akataka jogoo arudi. Owen ni mtu wa Ugunja, mrefu, meno meupe, simu mpya. Alinirudishia yangu akisema pole, Patroba, watoto wanajua uzuri.

Usingizi ulinikataa. Damu yangu mwenyewe inanikimbia inamkimbilia jogoo wa Ugunja.

Leo nimefikiri mchana kutwa karai likiwa kichwani. Kosa si la mtoto. Kosa ni la simu. Simu ya Valary ni ndogo, kioo kimepasuka, na mtandao wa kwetu huja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Sura yangu inafika vipande vipande. Mdomo unafunguka leo, sauti inafika kesho. Hata mimi ningelia. Video ninazotuma ndiyo balaa kabisa. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, bando linaisha. Mwaka mzima mwanangu amekuwa na baba wa kiduara.

Tiketi ya basi ya kwenda Pasaka nimeshakata, Alhamisi ya wiki ijayo. Kabla ya hapo lazima mtoto awe ameizoea sura yangu. Sitaki kusafiri nchi nzima nije kukimbiwa uani kama daktari wa chanjo.

Nina mpango.


Jumanne, 8 Aprili

Mpango wenyewe ni Mahdi, jirani yetu. Kijana aliyesoma Mombasa. Anatengeneza programu ya kuonyesha video. Mama yake, Bi Fahima, hupiga video za harusi upande wa wanawake, kule ambako mwanamume hakanyagi na simu za wageni hukusanywa mlangoni kwenye beseni. Jamaa walioko Mombasa na Maskati wanataka nao kuona. Basi Mahdi anatengeneza programu itakayofunguliwa na wanawake waliopewa namba ya siri tu, na video icheze vizuri kila mahali, kuanzia tivi ya ukutani hadi simu ya shangazi yenye kioo kilichopasuka.

Kioo kilichopasuka! Niliposikia hivyo nikajua Mungu anasoma maombi ya watu wa Busia.

Nilimvizia mlangoni kwao. Nikambebea mtungi wa gesi mpaka orofa ya juu bila kuombwa. Nikamwambia Bwana Mahdi, kitu chochote kabla ya kuuzwa hujaribiwa, na mjaribu ndiye mimi. Akaniuliza nina ujuzi gani. Nikasema darasa la saba, na subira.

Akanipa simu, akasema nibofye icheze. Nikabofya. Kimya. Nikabofya tena kwa nguvu ya kazini. Kimya. Yeye akagusa tu, ikacheza. Tukachunguza. Chokaa imekula ncha za vidole vyangu, zimekuwa ngumu kama kwato, simu hainitambui; yangu ikinigomea nilidhani ni uzee wake. Kwa simu, mimi si kiumbe. Nikajaribu kifundo cha kidole. Ikakataa. Kiwiko. Ikakataa. Nikajaribu pua.

Pua ikakubaliwa.

Mahdi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaandika kitu. Akasema nimeajiriwa bila mshahara, kwa sababu kitakachoendeshwa na pua ya Patroba kitaendeshwa na yeyote duniani. Nikimsaidia vizuri, ataiweka video yangu ya Nabwire humo humo.

Owen aliposikia akasema hata punda ana pua. Wivu mtupu.


Alhamisi, 10 Aprili

Jioni mbili za mafunzo. Nimejifunza zaidi ya darasa la saba.

Mahdi anasema video ianze papo hapo hata kama picha ni hafifu, kisha ijisafishe yenyewe kadiri mtandao unavyoruhusu. Mtu akiona sura yenye ukungu atasubiri. Akiona kiduara ataondoka. Sauti isimlipukie mtu ghafla, huenda yuko msibani. Simu ikilazwa, picha nayo ilale ijaze kioo. Ukiiachia kwenye simu, ukifungua kwenye tivi uikute pale pale. Tena tivi ni mambo mengine. Mtu amekaa mbali, mkono mmoja una rimoti, wa pili una mandazi. Maandishi yawe makubwa, vitufe viwe vichache.

Mimi nilishauri kitufe cha kuchezesha kiwe kikubwa kama karai. Akakikuza. Si kama karai, lakini akakikuza. Nimelala nikijiona mhandisi.

Leo kazi ilipoisha tulipiga video yangu, paani. Juu shati la kanisani, chini suruali ya chokaa, maana kamera haishuki huko. Owen alishika simu. Sikuwa na jinsi, yake ndiyo inayotoa picha nzuri. Mara ya kwanza alinipiga nikatoka nimelala ubavu kama maiti. Mara ya pili punda wa mchanga akalia kichochoroni, akalia mpaka nikamaliza hotuba yangu yote. Mara ya tatu ikatoka.

Nilisema: Nabwire, mwanangu, huyu ndiye baba yako. Nina kofia. Kofia iko wapi? Hii hapa! Njoo. Njoo kwa baba. Kisha nikamwimbia wimbo wa kubembeleza ambao mama yangu alituimbia sisi. Beti zote. Mwishoni nikapunga mkono. Owen alisema sauti yangu ni ya mlango wa ghala, lakini hakunikatiza.

Mahdi akaiweka, nikamtumia Valary. Kwenye programu kuna mstari mwekundu, unamwonyesha mtumaji yule aliyetumiwa ametazama mpaka wapi. Bi Fahima aliutaka huo, awajue shangazi wanaosema wametazama na hawajatazama.

Punde mstari ukaanza kutambaa. Bila kiduara! Nikamshika Mahdi bega. Mstari ukatambaa, ukapita jina langu, ukapita kofia, ukafika kwenye Njoo.

Ukasimama.

Nikasubiri. Haukusogea. Wimbo haukusikilizwa.


Ijumaa, 11 Aprili

Valary ameifungua asubuhi. Nimeona. Ikasimama pale pale. Ameifungua tena kabla ya adhuhuri. Pale pale! Kama kuna jiwe barabarani. Ujumbe wake ulisema tu video imefika, unaonekana vizuri. Salio la Valary halina nafasi ya maneno mengi.

Nilimngoja Mahdi atoke msikitini, nikamkabili kwenye ndia, kama wanavyoiita njia hapa. Nikamwambia programu yake ina kidonda. Akakataa. Akaichezesha kwenye simu mpya, kwenye simu kuukuu ya babake, kwenye kompyuta. Kote ikafika mwisho, mpaka mkono ninaopunga. Hata hivyo akaipunguza uzito kwa heshima yangu. Nikamwomba pia ahakikishe kwa Valary inaendelea pale ilipoachiwa. Alasiri mstari ukaondoka kwenye Njoo ya kwanza, ukasogea unywele, ukasimama kwenye Njoo ya pili. Sasa tuna mahali pawili pa kufia.

Mahdi alinitazama kwa huruma. Akasema labda tatizo haliko kwenye kifaa. Nikamuuliza kama si kwenye kifaa liko wapi. Akainua mabega.

Basi nikatafuta mwenyewe. Nimeitazama video mara nyingi. Nimempata mkosaji! Pale ninaposema Njoo, kivuli kinaingia kwenye picha, kirefu, kichwa kama mbuyu uliokatwa. Ni Owen. Aliinama kidogo, jua likamtupa ndani ya video yangu. Mtoto anaona kivuli cha jogoo wake, anamsahau baba.

Nilimwambia Owen ameniharibia kwa makusudi. Akasema nikalishtaki jua. Nikamwambia jua halina meno meupe. Akasema kama kivuli chake kina mvuto kuliko uso wangu, hilo nimuulize aliyeniumba. Tumelala tumegeuziana migongo.


Jumamosi, 12 Aprili

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Nilitaka video ionekane kwenye kioo kikubwa, kile kivuli kipimwe. Mahdi alishaniambia kwamba tivi yake ya majaribio inapokea mpaka paani kwetu. Kuta za nyumba hizi ni nene, mtandao hauzipenyi, lakini juu tunashikana. Yeye angekaa chumbani kwake aitazame. Mimi ningeirusha kutoka juu.

Sikujali kwamba leo nyumba ya jirani, kwa kina Mahdi, ilikuwa na kupamba. Swafiya, mpwa wa Bi Fahima, ameolewa, na hii ndiyo siku ya wanawake kumtazama bibi harusi akiwa amepambwa. Tangu alasiri walikuwa wakiingia, buibui juu ya buibui, simu kwenye beseni. Ndani walivua hayo mabuibui, wakabaki na nguo na dhahabu ambazo mwanamume hapaswi kuziona. Na ukumbini Bi Fahima alikuwa ametundika tivi, kubwa, ikionyesha picha za Swafiya alipokuwa mdogo.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na majina mawili yamebanana. Tivi ya Mahdi. Tivi ya Mama.

Ukibofya kwa pua, macho hayaoni pua inapotua. Hili nawaomba wahandisi wote walitafakari.

Nilisikia vigelegele. Nikafikiri bibi harusi ametolewa. Halafu vigelegele vikageuka mayowe.

Nimesimuliwa yaliyobaki. Uso wangu ulitokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, nikasema huyu ndiye baba yako. Wanawake wakarukia mabuibui, yeyote akachukua la yeyote. Nikauliza kofia iko wapi. Nikaionyesha. Nikasema njoo, njoo kwa baba. Bibi mmoja mzee asiyeona vizuri akainuka akajibu naam, naja, wakamshika. Walitaka kuzima, rimoti iko kwa Mahdi. Mahdi yuko chumbani kwake, haruhusiwi kuingia ukumbini. Simu zote ziko kwenye beseni. Wakaifunika tivi kwa leso. Nikaimba chini ya leso. Beti zote. Ilipoisha ikajirudia, maana nilimwomba Mahdi ijirudie, mtoto akitaka asisumbuke.

Mimi juu ya paa, kimya, nikishangaa Mahdi mbona haniambii chochote kuhusu kivuli.

Mara ya tatu niliposema njoo, mtu alirusha mrashi wa marashi. Mrashi wa shaba. Ukapiga pembe ya tivi. Nikapasuka kuanzia kofia hadi kidevu, nikanyamaza.

Wanasema Swafiya alicheka. Bibi harusi hukaa ameinamisha macho, hacheki, hata nzi akimtua. Alicheka mpaka asmini zikamdondoka kichwani.


Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilikwenda kanisani, nikaomba radhi huko kwanza, kwa mazoezi.

Habari imenitangulia mtaa mzima. Hapa njoo wanaitamka ndoo. Wanawake wawili walinipita kichochoroni, buibui mpaka machoni, mmoja akasema taratibu, ndoo kwa baba. Mwenzake akashika ukuta kwa kucheka. Bwana Jeilani, fundi wetu mkuu, mtu asiyecheka hata mshahara ukiingia, aliniuliza kama sauti ya kuita chokaa nayo ninayo.

Bi Fahima alinipokea akiwa nyuma ya pazia. Mahdi alisimama kando, kichwa chini, naye amekaripiwa. Aliahidi kuyatenga yale majina, na kila tivi iulize kwanza kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Bi Fahima akasema hata mlango wa kuku una komeo, yeye na masomo yake yote ameshindwa na seremala wa banda.

Nikasema Bi Fahima, naomba msamaha, ile ilikuwa picha tu. Akaniuliza picha gani yenye mato. Mato ndiyo macho kwao. Akasema mwanamume ni mwanamume, wa mlangoni au wa kioo. Akisema njoo, mtu huinuka. Bi Sundus ana miaka themanini na magoti mabovu, na aliinuka.



Akaniuliza nilikuwa namwita nani. Nikamweleza. Mtoto, Funyula, mwaka mmoja na zaidi. Nikamweleza mstari mwekundu, kiduara, kivuli cha Owen, majaribio yote. Nilieleza vizuri, kihandisi. Akaniacha nimalize. Akauliza mtoto hufanya nini akifika pale.

Nikasema mstari unasimama.

Akasema hakuuliza mstari.

 Mahdi alinitazama. Niliona aibu ambayo jana sikuipata hata kwa mayowe ya wanawake wote wale. Wiki nzima nimeuliza simu, nimeuliza kompyuta, nimeuliza jua. Valary sijamuuliza.

Kabla sijaondoka Bi Fahima akasema niichukue na ile tivi. Ina ufa, na kila akiitazama ananiona mimi. Hataki mwanamume wa kigeni ukumbini kwake.

Nimeibeba mgongoni mpaka chumbani. Owen akauliza kama nimeolewa au nimelipwa mahari.


Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Chokaa haikauki, kazi imesimama. Nikapanda ghorofa ya kati, chini ya dari, nikampigia Valary. Sauti tu.

Nikamuuliza Nabwire hufanya nini nikisema njoo.

 Akasema alifikiri najua. Akasema, Baba Nabwire, anakuja.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mama yangu mambo ya hospitali. Nikisema njoo, mtoto anaweka simu chini kifudifudi, video inasimama. Anazunguka nyuma yake. Haoni mtu. Anaiinua, anachungulia chini yake. Kisha anakwenda mlangoni. Siku ya kwanza aliishia uani. Siku ya pili Valary alikuwa anasonga ugali, akageuka, mtoto hayupo. Alikutwa barabarani, kiatu mguu mmoja, amesimama mbele ya pikipiki iliyokuwa imeegeshwa, akimtazama mwenye pikipiki chini ya kofia. Tangu hapo Valary akisikia kofia iko wapi, anakaa tayari, na nikisema njoo anazima. Ijumaa alasiri mtoto aliifungua mwenyewe. Anajua pa kubofya. Ile alama kubwa.

Alama kubwa niliyoishauri mimi.

Nikamuuliza mbona ananikimbia kwenye simu ya moja kwa moja. Valary akasema hanikimbii, anaona haya, kama mgeni yeyote mzuri. Jogoo si mgeni, jogoo ni jogoo.

Akasema simu iko sawa. Programu iko sawa. Kila kitu kiko sawa, mtoto anakuitika, ni wewe usiyekuja. Usitume nyingine. Alhamisi si unakuja? Nikasema nakuja. Akasema basi nimechoka kuzima. Salio likakatika hapo.

Nilikaa kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inateremsha maji meupe ya chokaa kutoka paani, ngazi hadi ngazi, yakapita kwenye viatu vyangu. Owen alipanda na chai. Aliniona, akaiweka chini bila neno, akashuka. Sikutarajia hivyo kwake.

Alhamisi naenda. Mungu shahidi.


Jumatano, 16 Aprili

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri, na kufikiri kwangu ndiko kunakochosha.

Leo asubuhi Bwana Jeilani alitukusanya. Pasaka ikipita anaanza nyumba nyingine Shela, kubwa, ya orofa tatu. Anataka nyapara. Atamchukua mmoja wetu atakayekuwa hapa Jumanne asubuhi, asiyekuwepo asimlaumu mtu. Owen alisema yeye Pasaka lazima aione Ugunja, mama yake anamngoja. Amekata tiketi basi moja na mimi, kiti cha jirani.

Basi nikaona. Owen akienda na mimi nikibaki, nyapara ni nani?

Nyapara habebi karai. Nyapara anaelekeza kidole. Vidole vyangu simu haivitambui, lakini watu wa mkono watavitambua.

Nilijikaripia. Nikamkumbuka mtoto mbele ya pikipiki. Nikaona haya. Nikazunguka ukuta wa bahari mpaka haya ikachoka, na iliposhuka tu, wazo likaja. Wazo lenyewe ni la kihandisi kabisa, sijui lilikuwa wapi wiki nzima.

Kwa nini Nabwire huzunguka nyuma ya simu? Kwa sababu simu ni ndogo! Anaona kichwa na kofia, kiwiliwili hakipo. Mtoto yeyote mwenye akili atatafuta kilichobaki. Mahdi mwenyewe alifundisha, kila kifaa na mtazamo wake. Kwenye simu mimi ni kipande. Kwenye tivi, tena tivi kubwa ya ukutani, nitakuwa karibu mzima. Na nyuma ya tivi kuna ukuta. Atazunguka wapi? Atakaa chini atulie, anizoee, asikilize wimbo mpaka mwisho.

Na tivi ninayo. Ina ufa, ndiyo. Lakini ufa unaanzia pembeni, ukikaa vizuri unapita kwenye sikio tu.

Mahdi nilimkuta anatenganisha yale majina kama alivyoagizwa na mama yake. Nilimweleza.  Akaniuliza kama nimesikia nilichosema. Nikamwambia mitambo ni yake, mtoto ni wangu. Akasema ni kweli, Bwana Patroba. Akaniwekea programu kwenye kidude cha kuchomeka nyuma ya tivi, akanifundisha, hakunitania hata mara moja. Sikupenda alivyokosa kunitania.

Tulipiga video mpya. Mzima, kuanzia kichwa hadi viatu, suruali safi ya kuazima. Owen alishika simu, safari hii akakaa upande ambao kivuli hakifiki. Aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikamwambia anaogopa nyapara. Akasema sawa, nyapara.


Alhamisi, 17 Aprili

Boti ya alfajiri mpaka Mokowe, tivi imefungwa kwa blanketi langu na shati la kanisani. Mwenye boti aliuliza ni mgonjwa? Nikasema ni mtaalamu.

Kwenye basi kondakta alikataa kuiweka kwenye buti. Alisema njia ilivyo mbovu itafika unga. Iwe na mtu wa kuipakata au iwe na kiti. Nikasema kiti inacho. Nikatoa tiketi yangu. Tukaikalisha dirishani, tukaifunga kwa mshipi wangu, Owen akakaa kando yake. Abiria walitazama. Mama mmoja alisogeza mtoto wake aione.

Basi lilipokaribia kuondoka kondakta alipita akisoma majina. Akaita Patroba. Nikafungua mdomo huko nje, nikaufunga. Owen akaonyesha tivi kwa kidole. Kondakta akaitazama, akaniangalia mimi dirishani, akaweka alama kwenye karatasi, akaendelea. Nimesafiri, kwa hiyo.

Owen atashukia Funyula kwanza, aifikishe mwenyewe, kisha arudi kwao Ugunja. Nimemwagiza aitundike mkabala na mkeka, isiwe juu sana, nionekane kimo changu halisi. Aliteremsha kioo akaniuliza amwambie nini Valary. Nikasema amwambie tivi inafunguka yenyewe. Akaniangalia. Meno hayakuonekana. Basi likaondoka.

Valary nimemtumia ujumbe kwamba kuna mzigo, na kwamba mabadiliko kidogo ya mipango yanahitaji subira. Bado hajajibu. Mtandao wa kwao.

Nimerudi, nimebeba karai mpaka mchana, peke yangu, na sikulalamika. Jumanne natupa karai. Bwana Jeilani amenitazama mara mbili kwa macho ya kunifikiria.

Video ya safari hii haina kasoro. Nilihakikisha. Lile neno Njoo nimeliondoa kabisa, lisimtoe mtoto nje tena. Mahali pake nimesema vizuri, polepole, nikimtazama: Kaa hapo hapo, Nabwire. Baba yuko njiani. Anafika sasa hivi. Halafu wimbo. Hapo mstari hautakuwa na sababu ya kusimama.

Nyumba ya Shela ikienda sawa, mimi ni wa kwenda nyumbani Krismasi. Mvua zikizidi, Bwana Jeilani anasema tuhesabu Pasaka ya mwaka kesho.